Nusu Pipa na Tasbihi

Miaka ile watu waliyoiita ya ruksa, maduka ya Newala yalipoanza tena kujaa sabuni na betri, mimi nilikuwa nikipima maji. Sikuwa mtaalamu. Nilikuwa mwalimu wa madrasa mwenye ekari chache za mikorosho, na ofisi ya maji ilinichagua kwa sababu mbili tu: nilijua kuandika tarakimu, na nyumba yangu ilikuwa karibu na bonde kuliko ya mtu mwingine anayejua kuandika tarakimu.

Huku kwetu juu ya uwanda, upande wa Mkunya, hakuna mto. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza, na maji hayo yanatokeza tena chini kabisa, penye mteremko, kama vile mtu aliyepitia mlango wa nyuma. Chini hapo serikali ilikuwa imejenga ukuta wa saruji mbele ya chemchemi. Bomba moja lilipita katikati ya ukuta likamimina ndani ya tangi, na kando ya tangi palikuwa na kibanda chenye pampu ya dizeli iliyosukuma maji mpaka kwetu juu. Pampu ikinyamaza, tangi lilijaa likafurika, na yale yaliyofurika yakashuka kwa kijito kidogo mpaka kitongoji cha bondeni. Huko alikaa dada yangu, mjane, pamoja na kaya nyingine kama ishirini. Walichota kwenye dimbwi moja lililo chini ya jiwe kubwa.

Kazi yangu ilikuwa hii. Kila siku saa moja asubuhi, kabla pampu haijawashwa, nilielekeza maji ya bomba kwa kipande cha bati yaingie kwenye pipa lililokatwa nusu, nikapima yanachukua sekunde ngapi kulijaza. Kisha nikaandika kwenye daftari. Ukutani mwa kibanda palibandikwa karatasi ya ofisi yenye mistari mitatu. Pipa likijaa chini ya sekunde hamsini, pampu ifanye kazi kwa muda wa saa sita. Likizidi hamsini, saa nne. Likizidi sabini, saa mbili tu. Saa zilizopunguzwa zilikuwa za watu wa bondeni. Kwa hiyo kila nilichoandika asubuhi kilikuwa, kwa lugha nyingine, kina cha dimbwi la dada yangu.

Ofisi ilinipa saa maalumu ya kupimia, ile ya kubonyeza. Ilikufa mwaka wa pili. Nilipeleka barua mbili, nikajibiwa nisubiri. Kusubiri nakujua, lakini maji hayasubiri, hivyo nikanunua saa ya mkononi kwa mchuuzi mmoja pale Newala, saa yenye rangi ya dhahabu. Mke wangu aliitazama akasema, "Hiyo ni ya bwana harusi." Iliishi wiki tatu. Namshukuru Mungu kwamba kabla haijazimika nilikuwa nimekwisha kugundua jambo lililonifurahisha sana. Nikivuta tasbihi yangu kwa mwendo wa kawaida, nikisema "Subhanallah" kwa kila punje, punje thelathini na tatu zilikuwa sekunde thelathini na tatu kamili. Nilijaribu mara tano. Miaka arobaini ya kuvuta tasbihi ilikuwa imeugeuza ulimi wangu kuwa saa.

Basi saa ya dhahabu ilipokufa nikaendelea kuivaa kwa ajili ya heshima, na kupima nikapima kwa tasbihi. Safu ya daftari iliandikwa "sekunde", nami nikaandika humo hesabu ya punje. Ofisi sikuiambia. Niliona kuwa ni kitu kimoja.

Fundi wa pampu alijua. Alikuwa Mmakua kutoka upande wa Masasi, na mimi Mmakonde, kwa hiyo utani ulikuwa haki yake.

"Maalim, hiyo saa yako inasema saa ngapi?"

"Saa ya kumkumbuka Mungu."

"Basi haijawahi kukosea," alisema, akaenda kuwasha mashine.

Ukaja mwaka ambao mvua za masika zilikatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kufikia wakati wa kuokota korosho, mihogo ilikuwa myembamba kama vidole na watu walikuwa wakiingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, mapema kuliko kawaida. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kuja na bakuli zao za kupimia, bakuli zilizobondwa tako zikameza zaidi ya kilo. Madrasani niliwafundisha wanafunzi kuhusu adhabu ya anayepunja kipimo, na nilisema kwa ukali. Nalikumbuka hilo kwa sababu wakati nasema, daftari langu lilikuwa mfukoni.

Chemchemi ilishuka. Pipa lililokuwa likijaa kwa punje thelathini na moja likafika arobaini, arobaini na saba, hamsini na mbili. Siku ilipofika punje hamsini na mbili fundi alipunguza pampu ikawa saa nne, kama karatasi ilivyosema. Watu wa juu walinung'unika. Foleni ya ndoo pale kwenye bomba la kijiji ilizunguka ofisi ya kata. Tukafika hamsini na nane.

Ndipo Imamu akatuita tuswali sala ya kuomba mvua. Tulitoka uwanjani, wazee, wanawake, watoto, nguo zetu za kawaida, vichwa chini. Wakristo nao siku ya pili yake walifanya maombi kanisani kwao, na wengi wetu tuliitikia amina kwa mbali. Imamu alituagiza jambo moja: tuzidishe istighfari, tumwombe Mungu msamaha tukiwa tumekaa, tukitembea, tukilima, kwa kuwa huenda dhambi zetu ndizo zilizoziba mawingu. Nililishika agizo hilo kwa moyo wote. Tangu jioni ile ulimi wangu haukuwa na neno jingine ila "Astaghfirullahal-adhim". Nililala nalo, nikaamka nalo, nikateremka nalo bondeni.

Asubuhi hiyo pipa lilijaa kwa punje thelathini na sita.

Nilimwaga, nikapima tena. Thelathini na sita. Nilimwaga tena, nikapima mara ya tatu. Thelathini na saba. Jana yake zilikuwa hamsini na nane. Hapakuwa na wingu, hapakuwa na tone la mvua, na maji yalikuwa yameongezeka. Niliketi kwenye ukuta wa saruji nikalia. Fundi alitoka kibandani akaniuliza kama nimeumia. Nilipomwonyesha daftari alivua kofia yake, na siku hiyo hakunitania.

Ijumaa Imamu alilitaja mbele ya watu wote. Alisema Mungu amefungua ardhi kabla ya kufungua mbingu. Watu walinitazama, nami niliinamisha macho, lakini sitasema uongo: niliona raha. Pampu ilirudishwa saa sita. Kule juu wanawake walipiga vigelegele kwenye bomba.

Haikupita wiki, dada yangu akapanda mteremko na ndoo tupu mkononi. Alinikuta ninaosha pipa.

"Kaka, hiyo pampu yenu mbona haichoki? Dimbwi limebaki tope."

"Maji yameongezeka, dada. Nimeyapima mwenyewe."

"Yameongezeka wapi? Humo kwenye daftari?"

"Tumeomba, tumejibiwa. Kila mtu anajua."

"Sisi wa bondeni hatujui. Jana nimekaa pale tangu alasiri mpaka magharibi, nimepata ndoo moja, na nusu yake ni udongo. Njoo ulione. Ni hapo tu chini."

Nilimjibu jambo ambalo ningetamani kulirudisha kinywani. Nilimwambia, "Usiikufuru neema."

Tulipokuwa wadogo alikuwa akinishinda kwa maneno hata mbele ya baba. Safari hii alikaza kanga kiunoni tu, akaiweka ndoo tupu kichwani kama vile imejaa, akasema, "Haya, Maalim. Neema ikishuka mpaka kwetu, nitaishukuru." Hakuniita kaka. Akateremka.

Sikwenda kuliona dimbwi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana ni mwendo wa robo saa tu. Nadhani niliogopa. Kitu kile kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichowahi kunipata, na sikutaka kukishusha mteremko nikakiweke kando ya tope. Siku zilizofuata hesabu ilipanda kidogo kidogo, thelathini na tisa, arobaini na moja, arobaini na nne. Nilijiambia hivyo ndivyo ilivyo wakati wa kiangazi, na nikazidisha istighfari.

Siku ya kumi na tisa tangu ile sala alikuja mpimaji kutoka ofisini Masasi, kwa pikipiki. Alikuwa kijana wa watu wa Ziwa, Mkristo, mwenye adabu. Alikuwa amepita njia ya chini, kwa hiyo dimbwi alikuwa ameliona kabla yangu mimi. Viatu vyake vilikuwa na tope la kule.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Njema." Alikwisha kufungua daftari langu. Alilisoma mbele na nyuma, kidole kikipanda na kushuka. "Mzee wangu, nisamehe. Hapa kwenye bomba maji yanaongezeka bila mvua, na kule chini akina mama wanateka tope. Mmoja wenu anasema uongo, wewe au dimbwi."

"Labda pampu," alisema fundi.

"Mzee, pima nikuone."

Niliweka bati, nikatoa tasbihi. Yeye alitazama saa yake. Pipa lilipojaa nikasema, "Arobaini na tano."

"Sabini na mbili," alisema.

Tulirudia. Mimi arobaini na nne, yeye sabini na moja. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, kama mganga anayemuuliza mgonjwa alikula nini.

"Unahesabu kitu gani, mzee?"

"Sekunde."

"Na midomo inacheza kwa nini?"

Nikamweleza habari ya tasbihi, na ile saa ya dhahabu, na zile punje thelathini na tatu. Aliitikia kwa kichwa. "Si wazo baya," alisema. "Hebu hesabu tena, lakini safari hii kwa sauti."

Nikaanza. "Astaghfirullahal-adhim. Astaghfirullahal-adhim." Sikufika punje ya nne. Niliisikia sauti yangu mwenyewe, nikasimama. Yeye hakuelewa, ilibidi nimweleze kwamba yale si maneno niliyojipimia mwanzoni. Yale yalikuwa neno moja fupi, haya ni marefu. Kila punje sasa ilikuwa sekunde na zaidi ya nusu. Alinipima kwa saa yake: punje thelathini na tatu za "Subhanallah", sekunde thelathini na tatu, ulimi wangu ulikuwa bado mwaminifu. Punje thelathini na tatu za istighfari, sekunde hamsini na tatu.

"Umebadilisha lini?"

"Siku ya sala ya mvua."

Chemchemi haikuwa imeongezeka hata siku moja. Ilikuwa ikishuka muda wote, na mimi nilikuwa nimewapa watu wa juu maji ya dada yangu kwa muda wa siku kumi na tisa, huku nikimwomba Mungu anisamehe.

Fundi alijaribu kuniokoa kwa njia aliyoijua. "Maalim, kumbe dhambi zako ndizo zilizokuwa zikininywea dizeli." Kisha aliniona uso, akanisogezea kiti.

Nilitaka kuzifuta zile tarakimu. Nilikuwa na kifutio mkononi. Mpimaji alinizuia. Alisema katika kazi yao tarakimu haifutwi. Inapigwa mstari mmoja mwembamba ili iendelee kusomeka, na ile ya kweli inaandikwa juu yake, pamoja na sababu. "Anayekuja baadaye aone ulipokosea na uliporekebisha." Tulikaa pamoja, yeye akifanya hesabu, mimi nikipiga mistari. Thelathini na sita ikawa hamsini na nane. Arobaini na moja ikawa sitini na sita. Kwenye nafasi ya sababu niliandika: *Nilihesabu kwa istighfari.* Alisoma, akafikiri kidogo, akaliacha kama lilivyo.

Hesabu ya siku ile ilikuwa sabini na mbili. Kwa karatasi ya ukutani, hiyo ilikuwa saa mbili tu za pampu. Kule juu wangelia.

"Nitaiambia kamati ya maji kwamba saa ya kupimia iliharibika," alisema yule kijana wakati akivaa kofia yake ya pikipiki. "Na ni kweli iliharibika."

Ilikuwa kweli, na alikuwa akinihurumia, na nilimshukuru. Lakini nilikaa nayo siku mbili ikakataa kukaa. Kamati ingesikia saa imeharibika, na msikitini watu wangeendelea kuamini kwamba ardhi ilifunguliwa kwa ajili yao, na siku pampu ikinyamaza wangesema watu wa bondeni wameturudishia nuksi. Nilikwenda kwa Imamu nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nitaweza kusimama mwenyewe. Nikasema nitasimama.

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama. Nilisema maji hayakuongezeka, nilikosea kuhesabu, na nikaeleza namna nilivyokosea. Niliposema habari ya istighfari mtu mmoja alicheka, wakacheka wengine, na kicheko kile kilinisaidia kuliko kama wangenyamaza. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Kwa hiyo hatukujibiwa?"

Imamu hakuinuka. Alijibu akiwa amekaa, taratibu. "Tuliomba mvua. Mvua haijaja, tutaendelea kuomba. Tulichokosea ni kuharakisha kumshukuru kwa kitu ambacho hakutupa, na kuwanyang'anya wa bondeni kile alichowapa wao. Na aliyelitangaza hapa Ijumaa ile si Maalim. Ni mimi."

Sijamsahau kwa neno hilo. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, na kila nikimwombea nalitaja.

Alasiri ileile nilishuka kwenye dimbwi. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mchanga, kata ya kifuu mkononi, akisubiri maji yakusanyike. Hakugeuka. Ubavuni mwa lile jiwe kubwa niliona mistari ya mkaa, mmoja chini ya mwingine, ikishuka mpaka karibu na tope. Niliihesabu. Ilikuwa mingi kuliko siku zangu kumi na tisa.

"Nani ameichora?"

"Nani mwingine? Kila asubuhi maji yalipoishia, nilichora. Ulidhani kupima mnajua nyie tu wenye madaftari?"

Mistari ile ilikuwa pale siku zote, robo saa kutoka kwangu. Nilikaa kando yake nikamweleza habari za tasbihi tangu mwanzo. Alinisikiliza huku akichota, kata moja, anangoja, kata ya pili. Nilipofika mwisho mabega yake yalikuwa yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaweka kata chini. Kisha akajifuta macho kwa kanga, na uso wake ukabadilika.

"Istighfari zote hizo, kaka. Asubuhi kwa asubuhi, mapipa kwa mapipa. Na mimi uliyenikosea hukuniomba hata moja."

Nimesoma vitabu vya dini tangu utoto wangu. Najua, na nimewafundisha wengine, kwamba msamaha wa haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe kwanza. Mwenye kunikumbusha alikuwa mwanamke ambaye baba hakumpeleka chuoni, kwa kuwa mimi ndiye niliyepelekwa.

"Nisamehe, dada," nilisema.

"Nimekusamehe. Sasa shika kata, mgongo unaniuma."

Nilichota mpaka ndoo ikajaa. Ilichukua muda mrefu, na sikuhesabu.

Wiki iliyofuata ofisi ilileta saa. Haikuwa ya kubonyeza, ilikuwa saa ya mezani yenye kengele, kubwa kama sufuria, nami nikawa naibeba kuteremka bondeni imefungwa kwenye kitambaa huku ikilia tik tik kama kifaranga. Fundi alipata utani wa mwaka mzima. Tasbihi ilibaki mfukoni mpaka nimalize kumwaga pipa. Pampu ilifanya kazi saa mbili, na watu wa juu walivumilia. Nilipanga foleni pamoja nao na ndoo yangu, na sikuona haya.

Kila nikimaliza kuandika nilitembea ile robo saa, nikaenda kusoma jiwe. Siku tatu mstari haukusogea. Siku ya nne dada yangu alikuwa amekwisha kufika kabla yangu, na mkaa mkononi, akiningoja ili nishuhudie. Alichora mstari mpya juu ya ule wa jana, kwa upana wa kidole kimoja.

"Andika," aliniambia. "Na uandike vizuri."

Nikaandika.